Paul Cohen na Swali Ambalo Kanuni Hazikulijibu

Utangulizi

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili akiambiwa kwamba kanuni za arudhi haziamui kila jambo katika utungo, hatashangaa. Amekwisha kusoma mijadala ya wanajadi na wanamapinduzi, na anafahamu fika kwamba malenga wawili wanaweza kuzishika kanuni zizo hizo bila kukiuka hata moja, kisha wakaibuka na tungo zinazokinzana kwa sura. Hisabati, kwa upande wake, imesifiwa tangu jadi kuwa taaluma isiyo na mwanya wa aina hiyo. Aghalabu hudhaniwa kwamba kila swali la hisabati lina jibu moja tu, la ndiyo au la siyo, na kwamba jibu hilo limejificha ndani ya kanuni likimsubiri mwenye akili na subira ya kulifukua.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1963 na mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 29, Paul Joseph Cohen. Linalostaajabisha ni kwamba Cohen hakuwa mwanamantiki. Sifa zilizomfikisha katika Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa amezipata katika tawi jingine kabisa la hisabati, na swali alilojitosa ndani yake lilikuwa limewashinda mabingwa kwa miaka 85. Makala haya yanadhamiria kueleza swali hilo, njia aliyoipita Cohen, na yaliyofuata baada yake. Istilahi zitatumika pale tu zinapohitajika. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa jarida hili ni wanafasihi, mfano wa ushairi utatumika mahali pamoja muhimu, maadamu tofauti baina ya kanuni na utungo unaozitii ndiyo hasa iliyokuwa silaha ya Cohen.

Ukubwa wa visivyo na kikomo

Swali lenyewe liliulizwa na Georg Cantor, aliyezaliwa St Petersburg, Urusi, mwaka 1845 na kufundisha karibu maisha yake yote ya kazi katika Chuo Kikuu cha Halle, Ujerumani. Cantor ndiye mwasisi wa nadharia ya seti. Seti ni mkusanyiko wa vitu uliochukuliwa kama kitu kimoja. Irabu tano za Kiswahili ni seti. Beti za utenzi fulani ni seti. Na nambari zote za kuhesabia, yaani 1, 2, 3 na kuendelea bila kikomo, ni seti vilevile. Cantor aliuliza jambo ambalo wengi waliomtangulia waliliona halina maana: je, seti mbili zisizo na kikomo zaweza kulinganishwa kwa ukubwa?

Njia aliyoitumia ni ya kawaida mno. Mwenye karamu asiyejua kuhesabu anaweza kujua kama sahani zinawatosha wageni wake: na ampe kila mgeni sahani moja. Asipobaki mgeni asiye na sahani wala sahani isiyo na mgeni, basi idadi ni sawa, ingawa hakuna aliyehesabu. Kwa kipimo hicho, nambari shufwa ni nyingi sawasawa na nambari zote za kuhesabia, kwani 1 huoanishwa na 2, 2 na 4, 3 na 6, na hakuna inayokosa mwenzake. Sehemu yatoshana na kizima. Jambo hili huudhi akili linaposikika kwa mara ya kwanza, lakini ndivyo vilivyo visivyo na kikomo.

Mtu angedhani basi kwamba visivyo na kikomo vyote vina ukubwa mmoja. Mwaka 1874 Cantor alithibitisha kwamba sivyo, na mwaka 1891 akatoa uthibitisho mwingine ulio rahisi zaidi. Chukulia kuwa lipo daftari lenye mistari isiyo na mwisho, na kwamba kila mstari una mfuatano usio na mwisho wa alama mbili tu, 0 na 1. Mwenye daftari anadai kuwa mifuatano yote inayowezekana imo humo. Mpinzani wake anatunga mfuatano mpya kwa kuangalia alama ya kwanza ya mstari wa kwanza na kuigeuza, kisha alama ya pili ya mstari wa pili na kuigeuza, kisha ya tatu ya mstari wa tatu, na kadhalika. Mfuatano huo si ule wa mstari wa kwanza, maana unatofautiana nao mahali pa kwanza. Si wa mstari wa pili, maana unatofautiana nao mahali pa pili. Wala si wa mstari wowote ule. Daftari lina pengo. Hata pengo hilo likizibwa kwa kuuandika mfuatano mpya, hila ileile itatoa mwingine. Mifuatano hiyo, kwa hivyo, ni mingi kuliko nambari za kuhesabia. Wingi wake ndio wingi wa nambari halisi, yaani nambari zote zinazojaza mstari mnyoofu bila kuacha nafasi hata ndogo. Mstari huo uliojaa ndio wanahisabati huuita kontinuamu.

Ukubwa wa seti ya nambari za kuhesabia Cantor aliuita alefu-sifuri, ukubwa unaoufuata mara moja akauita alefu-moja, kisha alefu-mbili, na kuendelea. Alefu ni herufi ya kwanza ya Kiebrania, ndugu wa alifu ambayo wasomaji wa hati za kale za Kiswahili wanaijua vyema. Hapo ndipo swali lilipozuka. Nambari halisi ni nyingi kuliko alefu-sifuri, lakini ni nyingi kiasi gani? Je, ukubwa wake ndio huo alefu-moja, au kuna ukubwa mwingine katikati? Mwaka 1878 Cantor alikisia kwamba katikati hapana kitu. Kisio hilo ndilo linaloitwa Dhanio la Kontinuamu. Alijaribu kulithibitisha kwa miaka mingi, mara nyingine akiamini amefaulu, mara nyingine akiamini amepata ithibati ya kinyume chake. Alifariki mwaka 1918 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Halle. Wapo wanaopenda kusimulia kwamba dhanio hilo ndilo lililompotezea akili. Hadithi hiyo ni tamu, ila ugonjwa wake ungemfika hata kama angekuwa mtaalamu wa jambo jingine lolote.

Mwaka 1900, katika kongamano la wanahisabati wa dunia jijini Paris, David Hilbert alitoa mhadhara uliozaa orodha ya maswali 23 aliyotaka karne mpya iyajibu. La kwanza katika orodha lilikuwa Dhanio la Kontinuamu. Hilbert hakuwa na shaka kwamba kila swali la hisabati lingepata suluhu.

Kanuni na tungo zinazozitii

Ili kuthibitisha neno lolote kuhusu seti, ilibidi kwanza kukubaliana juu ya kanuni za msingi. Ernst Zermelo alitoa orodha ya kanuni hizo mwaka 1908, na baada ya 1920 Abraham Fraenkel na Thoralf Skolem wakazirekebisha. Kanuni zenyewe ni chache. Moja husema kwamba seti mbili zenye vijumbe vilevile ni seti moja. Nyingine kwamba ipo seti isiyo na kikomo. Nyingine, iliyozusha ubishi mkubwa, ni Kanuni ya Uteuzi, isemayo kwamba ukipewa seti zozote zisizo tupu, hata zikiwa hazina idadi, inawezekana kuteua kijumbe kimoja katika kila mojawapo. Karibu hisabati yote inayofundishwa vyuoni yaweza kujengwa juu ya kanuni hizi. Swali la Cantor likapata sura mpya: je, kanuni hizi zinatosha kuliamua Dhanio la Kontinuamu?

Hapa ndipo ushairi unapofaa. Tuseme kanuni za tarbia ni hizi tu: kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane, na vina vya kati na vya mwisho vinazingatiwa. Azuke mtu aulize: je, kanuni hizi zinalazimisha mshororo wa mwisho urudiwe katika kila ubeti, uwe kibwagizo? Hakuna haja ya kubishana usiku kucha. Anayetaka kuonyesha kwamba kanuni hazikatazi kibwagizo, alete tarbia moja yenye kibwagizo. Anayetaka kuonyesha kwamba hazikilazimishi, alete tarbia moja inayotii kila kanuni ilhali mshororo wake wa mwisho unabadilika toka ubeti hadi ubeti. Zikiwekwa mezani tungo hizo mbili, mjadala umekwisha: kanuni zenyewe zimenyamaza kuhusu jambo hilo, na hakuna hoja itakayotolewa kutokana nazo peke yake ikaliamua.

Katika mantiki ya hisabati, utungo unaozitii kanuni huitwa kielelezo. Kielelezo cha kanuni za seti ni ulimwengu mzima wa seti ambamo kila kanuni ni kweli. Kutunga ulimwengu kama huo si kazi nyepesi kama kutunga tarbia.

Aliyeuleta utungo wa kwanza ni Kurt Gödel, aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji wa Brno, ambao sasa umo Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1931 Gödel alikuwa tayari ameonyesha kwamba mfumo wowote wa kanuni zinazoweza kuorodheshwa kwa utaratibu, usiojipinga na wenye uwezo wa kueleza hesabu za kawaida, huacha sentensi fulani bila kuithibitisha wala kuikanusha. Sentensi zake, hata hivyo, zilikuwa zimeundwa makusudi kwa kazi hiyo, na mwanahisabati wa kawaida angeweza kuzipuuza. Dhanio la Kontinuamu lilikuwa swali la kweli lililoulizwa na watu wa kweli. Mwaka 1938 Gödel alitangaza kwamba, iwapo kanuni za kawaida hazijipingi, upo ulimwengu wa seti unaozitii zote ambamo Dhanio la Kontinuamu ni kweli. Aliupata kwa ubahili: aliruhusu zile seti tu zinazoweza kuelezwa hatua kwa hatua kwa kutumia seti zilizokwisha kujengwa. Katika ulimwengu huo mkavu, nambari halisi ni chache kadiri inavyowezekana, na katikati hapana kitu.

Basi kanuni hazingeweza kulikanusha dhanio. Nusu ya kazi ilikuwa imekamilika. Nusu iliyobaki ilikaa kwa robo karne. Gödel mwenyewe aliijaribu bila kuimaliza, ingawa katika makala ya mwaka 1947 alieleza kwamba alilitarajia dhanio lisithibitike kwa kanuni zilizopo.

Mgeni aliyeingia bila kubisha hodi

Paul Cohen alizaliwa tarehe 2 Aprili 1934 huko Long Branch, New Jersey, katika familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Poland, akalelewa Brooklyn, jijini New York. Alihitimu katika shule ya upili ya Stuyvesant mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 16, akasomea Brooklyn College, kisha akaondoka mwaka 1953 bila hata kuchukua shahada ya kwanza, kwa sababu alikuwa amekubaliwa kusomea uzamili katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1954 na ya uzamifu mwaka 1958, chini ya usimamizi wa Antoni Zygmund.

Tasnifu yake ilihusu upekee wa mifululizo ya kitrigonometria, mada iliyo mbali kabisa na mantiki. Lakini hapa pana sadfa inayofaa kutajwa. Mada hiyo ndiyo iliyomfikisha Cantor kwenye seti. Karibu mwaka 1870 Cantor alikuwa akichunguza ni lini mfululizo wa aina hiyo huwa wa pekee, na katika kuainisha nukta za mstari alizoruhusiwa kuziacha nje, alijikuta akihitaji kuhesabu visivyohesabika. Cohen alianzia mlango uleule miaka themanini na zaidi baadaye, akafika kwenye swali lilelile, ingawa hakufuata njia ileile.

Baada ya Chicago alifundisha kwa muda mfupi Rochester na MIT, akakaa miaka miwili katika Taasisi ya Utafiti wa Juu ya Princeton, na mwaka 1961 akahamia Stanford. Kufikia hapo jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma miongoni mwa wachanganuzi, hususan kwa makala ya mwaka 1960 kuhusu kisio la Littlewood, ambayo baadaye ilimpatia Tuzo ya Bôcher ya mwaka 1964. Angeweza kuishi maisha yake yote kwa heshima katika uwanja huo. Kijana mwenye sifa kama hizo akiacha kazi inayomlipa na kushika swali lililomshinda Gödel, katika taaluma asiyokuwa na mafunzo rasmi ndani yake, hajihatarishi kwa jambo dogo. Akishindwa, miaka yake imepotea na hana cha kuchapisha.

Yamkini ugeni huo ulimfaa. Wanamantiki wengi wa wakati huo walikuwa wameyazoea mazingira ya swali kiasi cha kuuona ukuta badala ya mlango. Cohen aliingia na tabia za mchanganuzi, yaani kukadiria, kukaribia hatua kwa hatua, na kuamini kwamba habari chache zenye kikomo zinaweza kudhibiti kitu kisicho na kikomo. Tabia hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua njia.

Ushurutishaji

Cohen alitafuta utungo wa pili: ulimwengu wa seti unaotii kanuni zote, ambamo Dhanio la Kontinuamu si kweli. Ubahili wa Gödel haungemsaidia. Alihitaji nambari halisi zaidi. Lakini ungezitoa wapi, ikiwa ulimwengu wa seti una seti zote?

Jibu lake lilitegemea jambo ambalo Skolem alikuwa ameligundua mapema. Iwapo kanuni za seti zina kielelezo chochote, basi zinacho pia kielelezo kidogo, ambacho mtu akikitazama kutoka nje ataona vijumbe vyake vyote vinaweza kupangwa katika foleni moja: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walio ndani hawaioni foleni hiyo. Kwao nambari halisi bado hazihesabiki, kwani kinachozipanga hakimo katika ulimwengu wao. Hali hii ni ya ajabu, lakini haina ukinzani. Ni kama mhusika wa riwaya asiyeweza kuhesabu kurasa za kitabu anamoishi. Kwa vile kielelezo hicho ni kidogo, kuna nambari halisi tele zilizobaki nje yake. Cohen alikusudia kuziingiza ndani.

Ugumu ni kwamba haitoshi kutia chochote. Nambari iliyoingizwa bila uangalifu yaweza kuwa imebeba siri ndani yake. Kwa mfano, yaweza kuficha ile foleni ya Skolem yenyewe, na walio ndani wakiisoma, ulimwengu wao unabomoka. Ilibidi kiingizwacho kisiwe na sifa yoyote ya pekee, kiwe, kwa lugha nyepesi, cha kawaida kabisa kwa kila kipimo ambacho walio ndani wanaweza kukifikiria. Cohen alikiita kwa neno linalomaanisha kitu kisicho na alama yake mahususi.

Unawezaje kukidhibiti kitu usichokijua? Hapa ndipo ugunduzi ulipo. Habari zozote kuhusu seti hiyo mpya hutolewa kwa vipande vyenye kikomo: 3 imo, 5 haimo, 11 imo, basi. Kila kipande ni sharti. Cohen alithibitisha kwamba sentensi yoyote itakayokuwa kweli katika ulimwengu mpya huwa imeshurutishwa na mojawapo ya masharti hayo madogo. Kwa maneno mengine, jambo linalohusu ulimwengu mzima huamuliwa na habari chache ambazo mtu aliye ndani ya ulimwengu wa zamani anaweza kuziandika. Aidha, walio ndani wana majina ya vitu vyote vitakavyokuwamo katika ulimwengu mpya, hata kabla ya vitu vyenyewe kuwapo. Majina hutangulia, na seti mpya ikishaingia, kila jina hupata kitu chake. Mbinu hii nzima Cohen aliiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kushurutisha, na kwa Kiswahili ushurutishaji ni tafsiri isiyopotosha.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa ya wingi. Cohen aliongeza nambari halisi mpya, si moja bali nyingi kadiri ya alefu-mbili ya ulimwengu ule wa zamani. Ilimbidi kuhakikisha kwamba katika kuziongeza, ngazi zenyewe haziporomoki, yaani kwamba kilichokuwa alefu-moja na alefu-mbili kinabaki hivyo. Hilo lilitokana na jambo moja kuhusu masharti: ukikusanya masharti ambayo kila mawili yanapingana, mkusanyiko huo hauzidi alefu-sifuri. Ngazi zikasimama. Katika ulimwengu mpya kukawa na nambari halisi zisizopungua alefu-mbili, na alefu-moja ikawa katikati. Dhanio la Kontinuamu, katika ulimwengu huo, ni uongo. Kwa mbinu iyo hiyo alionyesha kwamba hata Kanuni ya Uteuzi haiwezi kupatikana kutokana na kanuni nyingine.

Kabla ya kuchapisha, Cohen alitaka hukumu ya mtu mmoja. Mwaka 1963 alikwenda Princeton na kumkabidhi Gödel hati yake. Gödel alikuwa mtu wa kujitenga, mwenye hofu nyingi na asiyesifu ovyo. Vilevile alikuwa ndiye aliyelishindwa swali hilo. Jibu lake katika barua ya mwaka huohuo lingempendeza mwanafasihi yeyote, kwani alilinganisha furaha ya kusoma uthibitisho huo na furaha ya kutazama tamthilia nzuri. Kisha yeye mwenyewe akaiwasilisha makala katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, ikatoka kwa sehemu mbili, ya kwanza Desemba 1963 na ya pili Januari 1964. Ukarimu huo haupatikani kila mahali katika usomi.

Baada ya uthibitisho

Mwaka 1966 Cohen alitunukiwa Nishani ya Fields katika kongamano la Moscow. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo, nishani hiyo haikutolewa tena kwa kazi ya mantiki. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu nadharia ya seti na Dhanio la Kontinuamu, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard.

Ushurutishaji ulitoka mikononi mwake upesi sana. Solomon Feferman na Azriel Lévy waliutumia mara moja. Robert Solovay alitunga ulimwengu, usio na Kanuni ya Uteuzi kamili, ambamo kila seti ya nambari halisi inaweza kupimwa urefu. William Easton alionyesha jinsi uhuru wa kuamua ukubwa wa seti ulivyo mkubwa. Mwaka 1974 Saharon Shelah wa Israeli alithibitisha kwamba tatizo la Whitehead, ambalo ni la aljebra na si la seti, nalo haliamuliwi na kanuni za kawaida. Hilo liliwastua wanahisabati wengi kuliko kazi ya Cohen yenyewe, kwa kuwa moto ulikuwa umevuka ua na kuingia kwa jirani aliyejiona yuko salama.

Cohen mwenyewe hakukaa katika nyumba aliyoijenga. Mwaka 1969 alichapisha makala kuhusu taratibu za kuamua ukweli wa sentensi katika uwanja wa nambari halisi na nyuga nyingine, kisha miaka yake mingi iliyofuata akaitumia kuliwinda dhanio la Riemann, ambalo halikumkubali. Alichapisha machache. Wako wanaoisoma sehemu hii ya maisha yake kama hadithi ya kushuka. Hukumu hiyo ina haraka. Mtu aliyewahi kushinda kwa kuchagua swali gumu kuliko yote halaumiwi kwa kuendelea kuchagua hivyo. Aidha, alifundisha Stanford hadi alipostaafu mwaka 2004, na miongoni mwa wanafunzi aliowasimamia ni Peter Sarnak, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nadharia ya nambari.

Limebaki swali ambalo ushairi hauwezi kulisaidia tena. Tarbia mbili, yenye kibwagizo na isiyo nacho, hukaa katika diwani moja bila ugomvi. Lakini wengi walioziandika kanuni za seti waliamini kwamba zinaeleza ulimwengu mmoja uliopo, kama vile mwanajiografia anavyoeleza bara moja. Ikiwa ulimwengu huo upo, basi Dhanio la Kontinuamu ni kweli ndani yake au ni uongo, hata kama kanuni zimenyamaza. Gödel aliamini hivyo. Aliliona dhanio kuwa uongo, na alitumaini kwamba kanuni mpya zenye kuaminika zingepatikana na kulimaliza swali. Cohen hakuwa na imani hiyo. Mwishoni mwa kitabu chake cha 1966 alidokeza kwamba huenda siku moja dhanio likaonekana wazi kuwa uongo, kwa kuwa kontinuamu ni tajiri mno. Lakini katika mhadhara aliotoa mwaka 1967 alijitambulisha upande wa wale wanaoiona hisabati kama kazi ya kanuni na alama, pasi na ulimwengu wowote nyuma yake.

Kanuni mpya zilitafutwa. Mwaka 1967 Lévy na Solovay walionyesha kwamba zile zilizotumainiwa zaidi, zinazodai kuwapo kwa seti kubwa kupita kiasi, hazilitingishi swali hili hata kidogo. W. Hugh Woodin alijenga hoja nzito, karibu mwaka 2001, kwamba kontinuamu ina ukubwa wa alefu-mbili na dhanio ni uongo. Baadaye akageuka na kuandama mpango mwingine, ambao ukifaulu utaelekeza kwamba dhanio ni kweli. Joel David Hamkins, katika makala ya mwaka 2012, alishikilia kwamba malimwengu ni mengi na kwamba swali limekwisha kujibiwa, jibu likiwa ni kule kujua jinsi dhanio linavyowashwa na kuzimwa toka ulimwengu hadi ulimwengu. Mwaka 2021 David Asperó na Ralf Schindler walithibitisha kwamba kanuni mbili zilizodhaniwa kuwa mahasimu, na ambazo zote huipa kontinuamu ukubwa wa alefu-mbili, moja huizaa nyingine. Kambi ya alefu-mbili ilipata nguvu. Kambi nyingine hazikuhama.

Cohen hakuyashuhudia hayo ya mwisho. Mwaka 2006, dunia ilipoadhimisha miaka mia moja tangu kuzaliwa kwa Gödel, alisafiri hadi Vienna na kutoa mhadhara kuhusu mtu huyo aliyempelekea hati yake miaka 43 awali. Alifariki Stanford tarehe 23 Machi 2007, akiwa na umri wa miaka 72.